Potifolio ya Kidijitali kwa Simu Moja na Wanafunzi 52: Mwongozo Kamili kwa Mwalimu wa Shule ya Umma

Siku ya wazazi ya muhula wa pili, mama mmoja ambaye hapa nitamwita Mama Rehema alikaa mbele yangu na ripoti mkononi, akaweka kidole kwenye herufi mbili. "Mwalimu, hii AE ndiyo nini? Mwanangu anajua kusoma ama hajui?" Nikaanza kumweleza kwamba AE ni kiwango cha Kukaribia Matarajio, na habari nyingine za viwango. Nikamtazama usoni, nikanyamaza.

Nikatoa simu, nikampa aisikilize sikioni maana darasa lilikuwa na kelele. Kwanza sauti ya mwanawe ya tarehe 11 Februari, akisoma kifungu cha maneno 60. Alikuwa akisoma silabi kwa silabi, "mku… mkuli… mkulima", akamaliza kwa dakika moja na sekunde 50. Halafu sauti ya tarehe 17 Juni, kifungu kile kile, sekunde 58, kakwama mara mbili. Mama akanirudishia simu. "Kumbe kweli anakaribia," akasema.

Potifolio ninayoizungumzia hapa ni hiyo. Ni kazi mbili au tatu za mtoto mmoja, zenye tarehe, zinazoweza kuwekwa pamoja zikalinganishwa. Nafundisha Gredi ya 5 katika shule ya umma ya kutwa, wanafunzi 52, simu moja ambayo ni yangu, na umeme unaokuja na kwenda. Utaratibu ninaoueleza nimeutumia miaka mitatu, na mwaka wa kwanza niliuharibu karibu wote.

Kwanza, kwa nini ujisumbue

Mtaala wa umilisi, CBC ambayo siku hizi wengi wanaiita CBE, ulianza kufundishwa Kenya nzima Januari 2019, kuanzia chekechea hadi Gredi ya 3. KCPE, ule mtihani wa zamani wa kumaliza shule ya msingi, ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Badala yake kuna tathmini mbili za kitaifa: KPSEA mwishoni mwa Gredi ya 6, iliyofanywa mara ya kwanza mwaka 2022, na KJSEA mwishoni mwa Gredi ya 9, iliyofanywa mara ya kwanza mwaka 2025. Tofauti kubwa na zamani ni kwamba alama za shuleni zina uzito. Tathmini za Gredi ya 4, 5 na 6 zilipangiwa asilimia 60, mtihani wa KPSEA asilimia 40. Katika KJSEA, asilimia 20 inatoka KPSEA, asilimia 20 nyingine inatoka tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8, na 60 iliyobaki ni mtihani wenyewe.

Sasa fikiria. Mwalimu anaandika tarakimu, anaipakia kwenye tovuti ya KNEC, baraza la mitihani la taifa, basi. Mzazi akiuliza alama imetoka wapi, mwalimu ana nini cha kumwonyesha? Na mwalimu wa shule jirani aliyewapandishia wote alama, nani atamjua? Potifolio ni ushahidi wa mtoto, lakini usisahau kwamba ni kinga yako pia.

Ya karatasi nayo ni nzuri, nimeitumia. Shida yake ni kwamba haina sauti, mchwa huila, na miaka ya mwanzo ilimgeuza mzazi kuwa mteja wa kudumu wa saiba, yaani duka la intaneti, akichapisha picha za rangi usiku ili mtoto aingie nazo asubuhi. Sote tunakumbuka zile sanamu za kutishia ndege shambani ambazo watoto waliambiwa watengeneze. Nyingine zilikuwa zimeshonwa vizuri hata fundi cherehani wa sokoni angezionea wivu, na mtoto hakuwa ametia sindano hata moja. Kazi ya namna hiyo haitathmini mtoto. Inatathmini mfuko wa baba na subira ya mama.

Hatua ya 1: Chagua vitu vitatu kwa muhula, visizidi

Kosa langu kubwa la mwaka wa kwanza lilikuwa kupiga picha kila kitu. Kufikia Machi nilikuwa na picha zaidi ya elfu moja na sikuweza kusema lolote juu ya mtoto yeyote.

Kaa na muundo wa mtaala wa somo lako, tafuta matokeo maalumu yanayotarajiwa, kisha ujiulize ni yapi ambayo karatasi ya maswali haiwezi kuyaonyesha. Kusoma kwa ufasaha ni mojawapo. Kusimulia kisa ni jingine. Kupima na kuchora umbo, kuotesha mbegu na kuandika kinachotokea, kurekebisha insha kutoka nakala ya kwanza hadi ya pili, yote ni ya kundi hilo. Swali la kuchagua jibu mahali pake ni kwenye mtihani, usilipige picha.

Kwangu kila muhula ni hivi: rekodi moja ya kusoma, insha moja ikiwa na nakala zake mbili, na kazi moja ya mikono ambayo imefanywa darasani tangu mwanzo hadi mwisho. Hiyo ya tatu ndiyo iliyonitenganisha na masanamu ya nyumbani. Kikifanyiwa nyumbani, hakiingii.

Kitu kimoja kati ya hivyo lazima kijirudie mihula yote mitatu kwa namna ile ile. Mimi hurudia kusoma. Kifungu ni kile kile Februari, Juni na Septemba, na katikati sikifundishi wala sikiachi ukutani. Mtu ataniambia mtoto atakariri. Ndiyo maana kila mara baada ya kifungu cha zamani nampa kipya chenye urefu sawa. Akipepea kwenye cha zamani akakwama kwenye kipya, nimejua jambo.

Hatua ya 2: Ruhusa ya mzazi kabla ya picha ya kwanza

Hapa wenzangu wengi wanaruka. Usiruke. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inasema data ya mtoto haishughulikiwi bila idhini ya mzazi au mlezi, na iwe kwa faida ya mtoto mwenyewe. Sauti ni data. Sura ni data. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza shule moja faini ya zaidi ya shilingi milioni nne na nusu kwa kuweka picha za watoto hadharani bila idhini ya wazazi. Shule ya umma isiyo hata na pesa za chaki haitaki kufika huko.

Barua yangu ni ya Kiswahili, nusu ukurasa, na naisoma kwa sauti kwenye mkutano wa wazazi wa Januari kwa sababu si wote watakaoisoma:

"Mzazi au mlezi mpendwa, mwaka huu nitarekodi sauti ya mtoto wako akisoma na kupiga picha kazi zake za darasani. Nia ni kumtathmini na kukuonyesha wewe maendeleo yake. Rekodi hizi hazitawekwa kwenye mitandao ya kijamii wala kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Zitafutwa baada ya mtoto kumaliza Gredi ya 6. Una haki ya kuzisikiliza na kuziona, na una haki ya kuniambia nizifute wakati wowote. Nakubali. Sikubali."

Halafu jina, sahihi au alama ya kidole, na tarehe. Kila mwaka wapo wawili watatu wanaoweka alama kwenye "Sikubali", na nawaheshimu. Mtoto wao ana faili la karatasi, na ninapomsikiliza akisoma naandika daftarini badala ya kurekodi. Viwango ni vile vile, alama ni zile zile.

Katika picha, piga kazi, usipige sura. Mikono ikionekana inatosha. Sare yenye nembo ya shule, ubao wenye majina, karatasi ya kliniki iliyosahauliwa mezani, vyote viondoe kwenye fremu kwanza.

Hatua ya 3: Vifaa, na hesabu ya nafasi

Huhitaji programu ya kulipia. Zipo nzuri, kama Seesaw, na ipo Mahara, mfumo huria uliozaliwa New Zealand ambao vyuo hupenda, lakini huo unahitaji seva na mtu wa kuisimamia. Katika shule yangu hakuna mtu huyo. Wala usiwafungulie watoto akaunti zao. Katika nchi nyingi Google haimruhusu mtoto wa chini ya miaka 13 kujifungulia akaunti ya kawaida, na Gredi ya 5 wengi wana miaka 10 au 11.

Unachohitaji ni simu yenye kamera ya kawaida, kadi ya kumbukumbu ya GB 32, na kompyuta moja ambapo nakala ya pili itakaa. Kabla hujasema shule haina kompyuta, fungua kabati la ofisini. Mpango wa serikali wa vifaa vya kidijitali ulioanza mwaka 2016 ulipeleka kwenye shule za msingi vishikwambi vya wanafunzi, kompyuta za walimu, projekta na mtambo wa kuhifadhi na kusambaza masomo. Katika shule nyingi vitu hivyo vimelala chini ya vumbi kwa hofu ya kuibwa. Kwetu vishikwambi vilikuwa vimekufa betri, lakini kompyuta ya mwalimu iliwaka. Hiyo ndiyo ghala yangu.

Hesabu ya nafasi ni hii. Wanafunzi 52, mara vitu vitatu, mara mihula mitatu, ni vitu 468. Picha ya ukurasa ukiipunguza ukubwa ni kama KB 300. Sauti ya dakika moja kwa kawaida haifiki MB 1. Potifolio nzima ya darasa kwa mwaka haijazi hata nusu ya GB, na inaingia kwenye flashi ya bei nafuu kabisa dukani.

Video ndiyo inayoua watu. Dakika mbili za video zinafika MB 100 kwa urahisi. Mara 52, mara tatu, ni GB 15.6 kwa muhula mmoja, wakati Google inakupa GB 15 bure kwa barua pepe, picha na faili zako zote pamoja. Sipigi video ila pale ambapo mwendo wenyewe ndio unaotathminiwa, kwa mfano mchezo wa kuruka kamba au ngoma, na hapo nampa kila mtoto sekunde 20 kwenye ubora wa chini.

Na kundi la WhatsApp si ghala. Ukituma picha huko inabanwa, na tarehe iliyopigiwa inapotea ndani ya faili. Tena siku hiyo hiyo shangazi wa mtu ameshaisambaza.

Hatua ya 4: Jina la faili

Utaona ni jambo dogo. Kwangu ndilo lililookoa kila kitu.

Kila faili ina jina la namna hii:

2025-02-11_G5_3417_KIS_kusoma1

Mwaka unatangulia, kisha mwezi, kisha siku, ili kompyuta ikizipanga kwa alfabeti zijipange zenyewe kwa wakati. Kisha gredi, namba ya mtoto, somo, na kazi. Jina la mtoto halimo. Simu ikiibwa, mwizi atasikia sauti ya mtoto akisoma habari za mkulima, lakini hatajua ni wa nani.

Ile 3417 ni namba ya kuandikishwa shuleni, ile anayopewa mtoto siku ya kwanza na haibadiliki. Mwanzoni nilitumia namba za rejista ya darasa, 1 hadi 52. Aprili wakahama watatu na kuja wawili, rejista ikapangwa upya, na mtoto wa 17 akawa wa 15. Nilikaa wikendi nzima nikisikiliza sauti moja moja nijue ni nani. Orodha inayounganisha namba na majina ninayo kwenye daftari la karatasi, imefungiwa kabatini.

Kabla ya kuanza kurekodi kila siku, angalia tarehe ya kifaa. Kishikwambi kilichokauka chaji huamka kikidhani ni Januari 1, 1970. Ninayo potifolio ya mtoto mmoja iliyoandikwa miaka zaidi ya arobaini kabla hajazaliwa.

Hatua ya 5: Kukusanya bila kuua kipindi

Kipindi ni dakika 35. Ukitaka kuwarekodi 52 kwa mkupuo, dakika mbili kila mmoja, ni dakika 104, na 51 waliobaki watakuwa wanapigana kalamu. Mimi huwachukua wanne kwa kila kipindi. Wengine wakiwa kwenye zoezi la kuandika, hao wanne wananijia mmoja mmoja mlangoni. Vipindi 13 na darasa limekwisha. Ukiwa na vipindi vinne kwa juma, ni majuma matatu na kitu. Aliyekosa shule anaongezwa mwishoni, na nafasi yake naiacha wazi kwenye daftari ili nisimsahau. Wanaokosa shule mara kwa mara ndio hasa wanaohitaji kuonekana.

Kwa sauti, kaa mahali ambapo upepo haupigi kipaza sauti. Chini ya mwembe pazuri, ila pwani upepo wa saa nane utakuharibia. Asubuhi ni bora. Simu iwe kama shibiri moja kutoka mdomoni, imelala mezani. Ukiishika mkononi, kidole chako kitafunika tundu la sauti. Mtoto aanze kwa kutaja namba yake na tarehe. Mwache asome bila kumsaidia. Akikwama, hesabu kimya kimya hadi tano, kisha mwambie "endelea". Mwalimu anayemnong'onezea mtoto anajitathmini mwenyewe.

Kwa kurasa za daftari, tumia mwanga wa dirishani, zima flashi kwa sababu inaacha duara jeupe katikati ya ukurasa, simama juu yake wima ili mistari isipinde. Insha ipigwe picha kabla kalamu nyekundu haijaigusa. Hapa kuna siri moja: nakala ya kwanza, ile chafu yenye makosa, ina thamani kuliko ya pili. Ya pili peke yake inaonyesha kwamba mtoto anajua kunakili marekebisho ya mwalimu. Zikiwa mbili, unaona ni kosa gani ameliona mwenyewe na ni lipi aliloonyeshwa.

Kwa mtoto ambaye mkono wake ni mzito wa kuandika, au haoni vizuri ubaoni, sauti inafungua mlango. Nilikuwa na mmoja ambaye insha zake hazikuzidi mistari minne. Nilipomwambia asimulie badala ya kuandika, alizungumza dakika tatu bila kupumua, na methali juu. Kuandika kulikuwa bado kunamshinda, lakini angalau nilijua tatizo liko mkononi wala si kichwani, na alama ya kusimulia akaipata halali yake.

Hatua ya 6: Mtoto aseme neno lake

Bila hatua hii ulicho nacho ni albamu tu. Mwishoni mwa muhula kila mtoto anasikiliza rekodi yake ya zamani na ya sasa, kisha anajibu maswali matatu, nami namrekodi: Ni kitu gani unakifanya sasa ambacho Februari hukuweza? Ni wapi bado unakwama? Utafanya nini muhula ujao?

Majibu ya mwanzo ni makavu. "Nimeboresha kusoma." "Nitatia bidii." Usikubali. Muulize: umeboresha nini hasa? Nionyeshe neno. Mtoto wa namba 3417 alirudia kusikiliza mara mbili, akacheka, akasema, "Hapa Februari nilikuwa nikifika kwenye nukta napita tu kama matatu kwenye kituo hakuna abiria." Hakuna mtaalamu yeyote angemweleza vizuri kuliko hivyo. Nikaandika.

Hatua ya 7: Kuweka kiwango, na mwenzako awe pembeni

Viwango vinne mnavijua: Kuzidisha Matarajio, Kufikia, Kukaribia, na Mbali na Matarajio. Katika KJSEA kila kimoja kimegawanywa mara mbili, vikawa vinane. Majina hayo peke yake hayasaidii. Lazima uandike, kwa kila kazi, kiwango kinasikika au kinaonekana vipi. Vyangu vya kusoma ni hivi.

Anayezidisha anasoma kifungu chote bila kukwama, sauti inapanda kwenye kiulizi na kutulia kwenye nukta, na akiulizwa kisa anakisimulia kwa maneno yake akaongeza maoni. Anayefikia anasoma chote, anakwama kwenye maneno yasiyozidi matatu, anajirekebisha mwenyewe, na anaeleza kisa. Anayekaribia anasoma neno kwa neno, anakwama kwenye maneno manne hadi kumi, na anaeleza sehemu ya kisa. Aliye mbali anasoma silabi kwa silabi au anaacha njiani, na kisa hakikumbuki.

Mwanawe Mama Rehema alikwama mara mbili tu ile Juni. Mbona AE? Kwa sababu kifungu kipya kilimkwamisha mara sita, na kiwango nilikitoa kwa kifungu kipya.

Sasa sehemu ambayo walimu wanaichukia. Chukua rekodi sita, umpe mwalimu mwenzako bila kumwambia umeweka kiwango gani. Naye aweke chake. Halafu fungueni. Mara ya kwanza tulitofautiana kwenye tatu kati ya sita. Mojawapo ilikuwa ya mtoto aliyesoma "lafiki" kila palipoandikwa "rafiki". Mwenzangu alimshusha. Mimi sikumshusha. Tulibishana chai nzima ikapoa. Mwishowe tulikubaliana kwamba kigezo ni ufasaha wa kusoma, mtoto alikuwa ameliona neno na kulielewa, na lafudhi ya nyumbani ina kipindi chake cha matamshi. Tukaiandika kwenye rubriki, yaani yale maelezo ya kila kiwango. Tangu hapo jambo hilo halitusumbui.

Hili si tatizo letu peke yetu. Jimbo la Vermont huko Marekani lilianzisha potifolio za kuandika na hisabati kwa shule za umma mwanzoni mwa miaka ya 1990, likiwa miongoni mwa majimbo ya kwanza kufanya hivyo kwa jimbo zima. Watafiti wa RAND, taasisi ya utafiti ya huko huko Marekani, wakiongozwa na Daniel Koretz, walipochunguza, walikuta kazi ile ile ikipewa viwango tofauti na walimu tofauti, kiasi kwamba alama hizo hazikufaa kulinganishia shule na shule. Walimu wenyewe waliupenda mpango, ufundishaji ulibadilika, lakini tarakimu hazikuaminika. Sita za kubishania kila muhula ni bei ndogo.

Hatua ya 8: Kutoka kwenye faili hadi kwenye ripoti

Nina jedwali moja la Excel. Mstari ni mtoto, safu ni kazi, na ndani ya kila kisanduku ni kiwango na maneno machache: "AE, maneno marefu yenye mw- na ny-". Maneno hayo ndiyo yanayoingia kwenye ripoti ya mzazi. Tarakimu zinaenda kwenye tovuti ya KNEC wakati wake ukifika. Ipakie usiku sana au alfajiri; mchana wa siku ya mwisho, shule zote nchini zinagonga mlango mmoja.

Usichukue wastani wa mihula mitatu. Mtoto aliyeanza mbali akafika, amefika. Ukimchanganyia na Februari unamwadhibu kwa kuwa alikuja kujifunza. Kwa kusoma natumia rekodi ya mwisho, na za mwanzo zinabaki kama ushahidi wa safari.

Siku ya wazazi sitoi hotuba. Nampa kila mzazi dakika tatu: rekodi mbili, ukurasa mmoja, na neno la mtoto mwenyewe. Visikizi vya masikioni vya shilingi mia mbili vinatosha, ukifuta kwa kitambaa chenye spiriti kati ya mzazi na mzazi.

Hatua ya 9: Nakala ya pili, na siku ya kufuta

Mwaka wa kwanza simu yangu ilichomolewa mfukoni kwenye matatu mwezi wa Julai. Muhula mzima ukaenda. Tangu siku hiyo kila Ijumaa, kabla ya kwenda nyumbani, nanakili kwenye kompyuta ya ofisini na kwenye flashi inayokaa kwa mwalimu mkuu. Folda ya kompyuta ina nenosiri. Simu yenyewe ina nenosiri, na baada ya kunakili nafuta rekodi kwenye simu, maana wanangu nyumbani huichezea.

Mwishoni mwa mwaka potifolio haibaki kwangu. Kwa kila mtoto nachagua faili tano tu, namkabidhi mwalimu wa Gredi ya 6 pamoja na jedwali, na tunakaa saa moja akisikiliza wale watoto ambao nina wasiwasi nao. Mtoto akihama, mzazi anaondoka na nakala yake kwenye kadi ya simu yake mwenyewe. Zilizobaki nazifuta kwenye kompyuta na kwenye flashi, kisha naandika kwenye daftari tarehe, idadi ya faili, na mwalimu mkuu anatia sahihi. Novemba iliyopita zilikuwa faili 203. Tulipomaliza, mwalimu mkuu aliniomba tusikilize moja kabla ya kubonyeza, nikamchagulia ile ya matatu na kituo.